Mbona yeye alisimama, mimi nikaanguka? Maswali kuhusu msongo, ustahimilivu na sonona

Maswali haya huulizwa kliniki, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata msibani watu wakishaondoka na kubaki wale wa karibu. Nimeyajibu kwa upande wa baiolojia. Pale ambapo sayansi ina mengi nimekaa kitako, na pale ambapo haina nimepita haraka.

Msongo ni nini hasa mwilini?

Ni kazi ya mwili mzima, si ya kichwa peke yake. Breki za daladala zikilia nyuma yako, kabla hujageuka neva zimeshazifikia tezi mbili zilizokaa juu ya figo na adrenalini imeshamwagika. Moyo unadunda, viganja vinalowa, tumbo linaacha kusaga chakula. Hayo ni ya sekunde chache. Nyuma yake unakuja mkondo wa pili, wa polepole. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi inatuma homoni kwenye tezi ya pituitari, pituitari inatuma yake kwenye tezi zile za juu ya figo, nazo zinatoa kotisoli. Kotisoli inapandisha sukari kwenye damu, inapunguza makali ya kinga ya mwili, kisha inarudi hadi ubongoni.

Kurudi huko ndiko muhimu. Ikifika ubongoni inanasa kwenye vipokezi vyake, hasa ndani ya hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, na vipokezi hivyo vinaamuru uzalishaji upungue. Ni kama boya la tangi la maji: maji yakijaa, boya linanyanyuka na kufunga bomba. Watu wengi wenye sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wana kotisoli isiyofunga vizuri. Si wote, na hilo tutalirudia.

Aliyefungua njia ni Hans Selye, daktari aliyekuwa Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Aliwapa panya mateso tofauti: baridi, majeraha, mazoezi ya kupita kiasi, dawa zenye sumu. Kila mara aliyoyakuta ndani yao yalikuwa yale yale: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi ya kinga kifuani imesinyaa, na tumbo lina vidonda.

Kwa hiyo kotisoli ni sumu?

Hapana. Mtu asiyeitengeneza anaweza kuuawa na homa ya kawaida, ndiyo maana wagonjwa wa Addison, ugonjwa wa tezi hizo kushindwa kazi, wanameza homoni ya aina yake kila siku ya maisha yao. Kwa mtu mzima wa afya inapanda alfajiri, inafika kileleni kama nusu saa hivi baada ya kuamka, halafu inashuka hadi usiku wa manane. Ukiona tangazo la chai ya "kusafisha kotisoli", tunza pesa yako.

Basi madhara yanaanzia wapi?

Kwenye muda. Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ndiye aliyeonyesha mwaka 1968 kwamba homoni ya msongo ya panya inanasa kwenye hipokampasi. Kabla ya hapo wengi hawakutarajia homoni ya mwilini iwe na makao sehemu ya kumbukumbu. Mwaka 1993, yeye na Eliot Stellar wakaeleza wazo la mzigo: mwili unaozoea hali ngumu unalipa gharama ya kuzoea, na gharama hiyo inalimbikizana kwenye mishipa ya damu, sukari, usingizi na ubongo.

Huko Bangalore, India, maabara ya Sumantra Chattarji ilitazama seli zenyewe za panya waliobanwa wasisogee kwa saa mbili kila siku. Ndani ya hipokampasi matawi ya seli za neva yalisinyaa. Ndani ya amigdala, kitovu cha woga, matawi yalirefuka. Msongo mmoja, ubongo mmoja, matokeo mawili yanayopingana. Panya walipopumzishwa, matawi ya hipokampasi yalirudi, ila yale ya amigdala hayakurudi kwa muda ule ule. Mtu akikuambia, "Yaliisha zamani, mbona bado unaogopa?" una jibu.

Tumezaliwa tumbo moja, tumelala njaa moja. Mbona dada yangu yuko imara na mimi nimezama?

Hili ndilo swali lenyewe. Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua linatoka kwa panya, kwa hiyo naomba univumilie.

Chukua panya mdogo mweusi wa ukoo wa maabara uitwao C57. Mtie ndani ya tundu la panya dume mkubwa mweupe, aliyechaguliwa kwa ubabe wake. Kwa dakika tano hadi kumi yule mkubwa anampiga, anamkimbiza na kumuuma. Kisha unaweka kati yao kizuizi kinachopitisha mwanga na chenye matundu. Kwa saa zote zilizobaki za siku hiyo hapigwi tena, lakini anamwona mbabe wake na kumnusa. Kesho anahamishiwa kwa mbabe mwingine. Hivyo hivyo siku 10.

Siku ya 11 anawekwa kwenye uwanja mdogo wenye kijitundu cha waya upande mmoja, na ndani yake yumo panya mweupe asiyemjua. Kamera inahesabu sekunde. Baadhi ya panya wanakwenda kumnusa mgeni kama kawaida ya panya. Wengine wanajibana kwenye kona ya mbali na hawatoki. Wale wa kona hupoteza hata hamu ya maji yenye sukari, ambayo panya mzima hayaachi. Kwa kawaida wanaostahimili ni kama theluthi moja.

Kazi hii ilitoka maabara ya Eric Nestler, na ripoti yake kubwa ilitoka mwaka 2007. Sasa kumbuka kitu kimoja: panya wa C57 wamezalishana ndani ya ukoo kwa vizazi vingi mno, hadi jeni zao zinafanana kama za mapacha wa yai moja. Chakula kilekile, tundu lilelile, kipigo kilekile. Na bado wakagawanyika.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ilikuwemo kabla ya kipigo cha kwanza. Mwaka 2014 Georgia Hodes na wenzake walipima damu ya panya kabla ya kuwatesa, wakakuta kwamba wale ambao baadaye wangezidiwa walikuwa na chembe nyeupe zinazomwaga zaidi kemikali ya kinga iitwayo intalukini 6 zinapochokozwa. Wewe na dada yako mlilala njaa moja, lakini hamkuwa na mwili mmoja, wala umri mmoja njaa ilipoingia, wala nafasi moja mbele ya mama. Nyumba moja ina utoto wa aina nyingi.

Panya, hata hivyo, hana sonona. Ana tabia zinazofanana nayo. Tena kwa miaka mingi majaribio haya yalifanywa kwa madume, kwa sababu dume mbabe kwa kawaida hamshambulii jike namna hiyo.

Aliyestahimili ina maana hakuumia?

Aliumia. Katika utafiti ule wa 2007 makundi yote mawili yalionyesha woga ulioongezeka, na homoni ya msongo iliathirika kwa wote. Tofauti ilionekana kwenye seli za dopamini, zinazotupa hamu ya kufuata jambo. Za waliozidiwa zilikuwa zinafyatuka kwa kasi isiyo ya kawaida. Za waliostahimili zilikuwa shwari, na hapo mtu angedhani hazikuguswa.

Zilipofunguliwa kwa undani, mambo yakageuka. Ndani ya eneo la ubongo lenye seli hizo jeni zilizobadilisha mwenendo zilikuwa nyingi zaidi kwa waliostahimili kuliko kwa waliozidiwa. Walikuwa wameongeza vijilango vya potasiamu vinavyopoza seli. Mwaka 2014 ikaja ripoti nyingine ya ajabu zaidi: mkondo wa umeme unaochochea seli hizo ulikuwa mkubwa kwa waliostahimili hata kuliko kwa waliozidiwa, ukapanda hadi ukaamsha mikondo ya kuupoza. Watafiti wakajaribu kuwasukuma waliozidiwa waende mbali zaidi kwenye hali ile ile iliyoonekana mbaya. Seli zikatulia, na panya wakatoka konani.

Kwa maoni yangu, huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote kwenye uwanja huu. Utulivu wa aliyestahimili ni kazi inayofanyika ndani kwa ndani, tena kazi nzito kuliko ya aliyeanguka. Tukimwona mjane asiyelia tunasema "huyu ana moyo wa jiwe" na kumwachia peke yake mipango yote ya mazishi. Mwili wake hauna jiwe lolote.

Kwa binadamu kuna dalili zinazokwenda njia hiyo. Mwaka 2000 Charles Morgan na wenzake waliwapima askari wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo ya kutekwa na kuhojiwa kwa ukali. Wale wa vikosi maalumu walitoa zaidi kemikali ya neva iitwayo nyuropeptaidi Y, inayopoza athari za adrenalini, na akili zao zilibaki wazi zaidi wakati wa mahojiano. Msongo uliwapata kama wenzao, ila breki zao zilikuwa kali.

Kuna jeni ya sonona?

Iliaminika ipo. Mwaka 2003 watafiti waliofuatilia watoto wa Dunedin, New Zealand, hadi utu uzima walitangaza kwamba wenye aina fupi ya jeni moja inayohusika na kusafirisha serotonini, kemikali ya neva, walipata sonona zaidi wakipatwa na misukosuko. Habari ilipendeza, ikaingia vitabuni. Mwaka 2009 uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi haukuiona athari hiyo, na mwaka 2019 uchunguzi wa sampuli kubwa sana ulikuta kwamba jeni maarufu za aina hiyo hazikuwa na uzito kuliko jeni zilizookotwa ovyo.

Tunachojua kwa uhakika ni kwamba tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye asilimia 37 hivi, na kwamba mchango huo umetawanyika. Uchambuzi wa mwaka 2025 uliohusisha nchi 29 ulitaja tofauti karibu 700 kwenye jeni, kila moja ikiwa na nguvu ndogo sana. Wengi wa waliopimwa duniani hadi sasa wana asili ya Ulaya, hivyo anayekuuzia kipimo cha DNA cha sonona Dar es Salaam au Mombasa anakuuzia makisio ya watu wengine.

Malezi ya utotoni yana nguvu kiasi gani?

Nyingi, ila si hukumu.

Kule Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Michael Meaney na wenzake waligundua kwamba panya mama hawafanani kwa jinsi wanavyowalamba watoto. Watoto waliolambwa sana wakikua wana vipokezi vingi vya kotisoli kwenye hipokampasi, na msongo wao hufunga mapema. Ukimchukua mtoto wa mama asiyelamba ukampa mama anayelamba, anakua kama mtoto wa huyu wa pili. Mwaka 2004 walionyesha njia yake: vibandiko vya kemikali ya methili vinavyokaa juu ya jeni ya kipokezi na kuinyamazisha, ambavyo kwa watoto waliolambwa ni vichache. Walipowapa panya waliokomaa dawa fulani ndani ya ubongo, tofauti ilifutika. Alama ilikuwepo, lakini haikuwa ya milele.

Kwa binadamu ushahidi mgumu umetoka Bucharest, Romania. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya yatima vya serikali. Nusu walipelekwa kwa bahati nasibu kwenye familia za kuwalea. Miaka baadaye walipopimwa, waliobaki kwenye vituo walikuwa na miitikio hafifu ya msongo, kama kengele isiyolia. Waliopata familia kabla ya miaka miwili walikuwa karibu sawa na watoto ambao hawakuwahi kukaa kituoni.

Karibu na kwetu, nyani wa Amboseli, Kenya, wamefuatiliwa tangu 1971, mmoja mmoja kwa jina. Utafiti wa 2016 uliorodhesha mikosi ya utotoni: kuzaliwa wakati wa ukame, kufiwa na mama, mama wa cheo cha chini, mdogo kuzaliwa mapema na kadhalika. Majike waliopatwa na mitatu au zaidi walikufa kadiri ya miaka 10 mapema kuliko waliopatwa na mmoja au wasiopatwa. Na hawakuwahi kuvuta sigara wala kukosa bima ya afya.

Mateso ya mama yanamfikia mtoto tumboni?

Dalili zipo. Rwanda, timu iliyoongozwa na Nader Perroud iliwapima wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, pamoja na watoto wao, ikawalinganisha na wanawake wa kabila hilo hilo waliokuwa na mimba wakati huo lakini nje ya nchi. Ripoti yao ya 2014 ilikuta kotisoli ya chini na methili nyingi zaidi kwenye jeni ya kipokezi cha kotisoli, kwa mama na kwa mtoto. Goma, mashariki mwa Congo, utafiti wa 2012 ulikuta uhusiano kati ya mateso ya mama wakati wa ujauzito, methili kwenye jeni hiyo hiyo kwa kichanga, na uzito wa kuzaliwa.

Hapa nakuwa mgumu kidogo. Tafiti zote mbili ni ndogo, na zilisoma damu, si ubongo. Tena mtoto aliyezaliwa mwisho wa 1994 hakurithi tumbo tu. Alilelewa na mama huyo huyo mwenye majinamizi, mara nyingi bila baba, bila bibi. Kumwambia kijana kuwa "ameandikiwa kwenye damu" ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Umegundua kotisoli hapa ilikuwa chini, siyo juu? Ndivyo ilivyo mara nyingi kwa waliopata kiwewe cha vita. Boya linaweza kukwama upande wowote.

Umaskini na unyonge vinaingiaje mwilini?

Robert Sapolsky alianza kuwafuata nyani wa Mara, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kazi yake ilikuwa ya mikono: alfajiri, mshale wa dawa ya usingizi ukipulizwa kwa mdomo kutoka kwenye bomba. Nyani asiwe mgonjwa, asiwe amepigana asubuhi hiyo, asiwe ametoka kupanda jike, na awe amegeuka asikuone. Akianguka, damu itolewe upesi kabla msongo wa mshale wenyewe haujapandisha kotisoli. Kwa njia hiyo aliona kwamba kundi likiwa limetulia, madume ya chini yana kotisoli ya juu muda wote, hata siku ambayo hawajapigwa na mtu.

Kisha miaka ya 1980 kifua kikuu kiliingia kupitia jalala la hoteli ya watalii na kuua madume wakorofi waliokuwa wakienda kupigania mabaki huko. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi likawa la upole, nyani wa chini wakapata nafuu, na miaka mingi baadaye, ingawa madume wote wa zamani walishaondoka, wageni walioingia walijifunza upole huo huo. Cheo cha chini kinaumiza kwa kadiri ya jinsi wa juu wanavyokitumia.

Wakubwa nao hawako salama: Amboseli, mwaka 2011, dume namba moja alikutwa na homoni ya msongo nyingi kuliko namba mbili.

Kwa watu, jaribio la Rarieda, magharibi mwa Kenya, ambako kaya maskini zilipewa fedha bila masharti, lilileta ahueni ya nafsi. Kotisoli kwa jumla haikushuka, ila ilikuwa chini zaidi pale fedha zilipokuwa nyingi, zilipotolewa kwa mkupuo, au alipopewa mke badala ya mume. Hilo la mwisho sitalitolea maoni.

Si kwamba serotonini imepungua tu?

Wazo hilo lilizaliwa kwa bahati. Miaka ya 1950 dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi iliwachangamsha wagonjwa kupita matarajio. Ikaonekana inaongeza kemikali za neva, na watu wakahitimisha kuwa sonona ni upungufu wa kemikali hizo, serotonini ikiwemo. Hesabu haikukaa sawa tangu mwanzo: dawa za sonona hugusa serotonini ndani ya saa chache, mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki. Mapitio ya 2022 hayakukuta ushahidi thabiti kwamba wagonjwa wana serotonini pungufu. Wengine wakalipokea hilo kama uthibitisho kuwa dawa hazifanyi kazi, na hapo wamekosea. Panadoli inatuliza kichwa bila maumivu kuwa upungufu wa panadoli. Inaelekea dawa hizi zinaupa ubongo nafasi ya kuotesha tena miunganisho iliyokauka. Ketamini, dawa ya usingizi ya upasuaji inayopita njia ya glutamati, kemikali nyingine ya neva, inaweza kuleta nafuu ndani ya saa chache, na jamii yake moja iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wasiosaidiwa na dawa nyingine.

Kinga ya mwili inahusikaje na huzuni?

Fikiria ulivyokuwa na malaria: hutaki chakula, hutaki watu, unataka blanketi na giza. Hiyo ni kinga ikizungumza na ubongo. Ushahidi wa wazi ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa intaferoni, dawa inayowasha kinga. Wengi, hata wasio na historia yoyote, walipata sonona kamili katikati ya tiba. Lakini ukizima kinga kwa kila mwenye sonona haisaidii. Jaribio la 2013 la dawa ya infliksimabu halikuleta tofauti kwa kundi zima. Waliofaidika walionekana kuwa wale tu ambao damu yao ilionyesha kinga imewaka tangu mwanzo. Sonona yaelekea ni milango kadhaa inayoingia chumba kimoja.

Kwa nini wanawake zaidi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake wanaipata mara moja na nusu kuliko wanaume. Pengo linafunguka wakati wa kubalehe. Baada ya kujifungua, homoni za ujauzito huporomoka ndani ya siku chache, na zao moja la projesteroni, mojawapo ya homoni hizo, ndilo lililokuwa likituliza ubongo. Dawa zinazoiga zao hilo zimeidhinishwa Marekani kwa sonona ya uzazi, ile ya vidonge mwaka 2023. Utafiti wa 2017 wa ubongo wa marehemu ulikuta jeni zilizobadilika kwa wanaume wenye sonona na kwa wanawake zinafanana kwa sehemu ndogo tu. Ila kabla ya kulaumu homoni, hesabu pia vipigo vya nyumbani.

Msongo kidogo si unamkomaza mtoto?

Kidogo, ndiyo, kwa masharti. Kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watoto wa kima wa jamii ndogo walitenganishwa na mama zao saa moja tu kwa wiki, kisha wakarudishwa. Baadaye walikuwa jasiri kuliko waliokaa na mama muda wote. Sharti ni hilo: fupi, linaisha, na mama yupo.

Lingine ni mamlaka, yaani uwezo wa kufanya kitu juu ya mateso yako. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier waliripoti kwamba mbwa waliopigwa shoti ambazo hawawezi kuzizima baadaye walijilaza hata njia ya kutoka ilipokuwa wazi. Wakasema wamejifunza kukata tamaa. Miaka karibu 50 baadaye, mwaka 2016, wawili hao hao waliandika kwamba walikuwa wameisoma kinyume. Kunyong'onyea ndiyo hali ya asili ya ubongo mateso yakirefuka. Kinachofunzwa ni kwamba "naweza kufanya kitu": sehemu ya mbele ya ubongo ikigundua upo uwezo, inatuma amri kwenye shina la ubongo kuzima unyong'onyevu, na huikumbuka njia hiyo mara nyingine.

Kwa hiyo anayetetea viboko shuleni kwa hoja ya ukomavu ajue kiboko hakina sifa hata moja kati ya hizo.

Ni upungufu wa imani?

Mashekhe na mapadri nao wanaugua. Sala na jamaa ya msikitini au kanisani vinasaidia wengi, na hakuna anayezuia vidonge visimezwe baada ya swala.

Basi kipi kinaongeza ustahimilivu?

Watu, kwanza. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio la vijiji 30 vya kusini magharibi mwa Uganda, ambako wanavijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Sonona ilishuka sana kuliko vijiji visivyo na vikundi. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwaweka bibi wa mtaani kwenye mabenchi nje ya zahanati wasikilize na kusaidia kutatua tatizo moja moja. Jaribio la 2016 liliwapa ushindi. Kutatua tatizo moja, hata dogo, ndilo somo lile la mamlaka.

Mazoezi yana njia yake ya kikemia. Watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha mwaka 2014 kwamba msuli wa panya uliozoezwa unabadilisha kemikali iitwayo kainurenini, inayopanda wakati wa msongo, kuwa umbo lisiloweza kuingia ubongoni. Mguu unausafishia ubongo damu. Kulala usingizi wa kutosha ni muhimu vilevile, ingawa kumwambia mwenye sonona "lala" ni sawa na kutomwambia kitu.

Naweza kupimwa damu ya sonona?

Hakuna kipimo hicho. Mwaka 1981 kipimo cha deksamethasoni, kinachoangalia kama kotisoli inafunga, kilileta matumaini, kisha kikaonekana kinawakosa wagonjwa wengi. Hata hivyo, daktari mzuri atapima tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa sababu upungufu hapo unaiga sonona.

Nimepewa dawa. Nitapona lini, na naweza kuacha?

Fluoksetini na amitriptilini ndizo utakazokutana nazo zaidi kwenye hospitali zetu. Wiki za kwanza mara nyingi madhara hutangulia nafuu: kichefuchefu, mdomo mkavu, usingizi uliovurugika. Nafuu huanza kati ya wiki ya pili na ya sita. Ukishakuwa mzima, endelea kwa angalau miezi sita kabla ya kupunguza, tena upunguze pole pole ukiwa na daktari, usikate ghafla. Kwa walio chini ya miaka 25, ndugu wawe macho wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Mawazo hayo yakija, usiyasubirie kliniki ya wiki ijayo: hospitali ya wilaya inapokea usiku, na kwa rufaa zipo Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala na Ndera Kigali. Nenda na mtu, na ubebe paketi za dawa zote unazomeza, zikiwemo za mitishamba.